Nilivyorudi na Gari Tupu kutoka Lituhi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta kichwani kama mwalimu anavyofuta ubao. Siku hiyo niliendesha gari zuri kuliko yote ya Matiri, kutoka Lituhi kule ziwani mpaka huku kwetu milimani, peke yangu, siti zote tupu, na mbele yangu kulikuwa na lori la samaki lililombeba mama mkwe wangu akiwa amevunjika mguu. Sijawahi kukusimulia. Mama yako mkubwa anaijua kwa sababu alikuwa ndani ya lori lile, na kwa hisani yake hajaitaja hata siku tulizogombana.

Leo naisema kwa ajili yako. Jumapili baada ya misa ulikaa hapa kibarazani ukanionyesha kwenye simu picha za magari mawili. La kwanza linang'aa, limekaa kama bwana harusi, siti tano, na bei yake inakukausha kabisa. La pili limechakaa kidogo, lina safu tatu za siti, na ukilichukua utabaki na cha kununulia mbolea ya kahawa. Mkeo Imelda anataka hilo la pili. Wewe unataka la kwanza, na ulikuja kwangu niseme unachotaka kusikia. Ukaniuliza, "Baba mkubwa, nichukue lipi?" Nikanyamaza. Ukadhani macho yangu ya uzee hayakuona picha vizuri. Niliona, Fridolini. Niliona haya pia, ndiyo maana sikujibu.

Nilikuwa na umri kama wako. Kahawa ilikuwa imekubali misimu miwili mfululizo, na mimi nilikuwa nimeoa Gaudensia, binti wa Lituhi. Unajua utani wetu na watu wa ziwani. Wenzangu walikuwa wakiniambia nimeacha mahindi nikafuata samaki. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na kajeuri fulani ka mtu wa milimani mwenye kahawa, kwamba wale wa chini nimewafanyia hisani kuoa kwao. Ndiyo, hivyo hivyo. Mtu akiamua kusema ukweli aseme wote.

Sasa ninyi mliozaliwa juzi mnakumbatiana na wakwe zenu kwenye sherehe na kupiga picha, mimi siwalaumu. Lakini enzi zile, na kwa wazee wengi hata sasa, mama mkwe ni mtu wa mbali. Humpi mkono, huli naye, hukai naye siti moja. Si kwa chuki. Huyo ndiye aliyekuzalia mke, na heshima yake ni kumwachia nafasi. Nikifika Lituhi, mama mkwe alikuwa anajitenga nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi nasema, "Shikamoo, mama." Yeye anajibu kutoka huko huko, "Marahaba, baba. Huko hamjambo?" Tuliheshimiana hivyo miaka yote, na sura yake niliijua kwa kuiona upande tu.

Basi tukaenda Songea, mimi na mke wangu, kutafuta gari la familia. Yadi ilikuwa na mawili ya kutufaa. Moja lilikuwa la kijani, la zamani, refu, limetembea sana. Nyuma lilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na mlango mpana wa nyuma wenye kikanyagio cha kupandia. La pili lilikuwa jeupe. Siti za ngozi, vioo vyeusi, ukifunga mlango unasikia ule mlio wa kitu cha gharama. Yote mawili yalikuwa na nguvu ya kupanda milima yetu. Bei ya jeupe ilikuwa karibu mara mbili ya lile la kijani.

Mke wangu alizunguka lile la kijani, akapanda kwa nyuma, akakaa kwenye benchi, akashuka. Akaniambia kwa sauti ya chini ili dalali asisikie, "Baba Osmundi, tuchukue hili. Mama ataingia kwa mlango wa nyuma, akae kwenye benchi lake. Wewe utakuwa mbele na usukani wako. Hakuna atakayemwonea mwenzake haya."

Nikamjibu, "Mama yako anakwenda wapi? Mwaka mzima yuko ufukweni na samaki wake wa usipa."

"Ugonjwa haupigi hodi," akasema.

Dalali alikuwa ameshaona macho yangu yalipo. Akaja akiwa anafuta kioo cha lile jeupe kwa kiganja, akasema, "Kizuri chajiuza, bosi, mimi sitii neno." Kuitwa bosi, mwanangu, kumewagharimu watu wengi. Nikamwambia mke wangu kwamba gari la mabenchi ni la kubebea mahindi, kwamba watoto wetu watachekwa shuleni, kwamba yeye haelewi mambo ya magari. Akanyamaza. Nami nikauhesabu ule unyamavu kuwa kura ya ndiyo.

Nilirudi Matiri na gari jeupe. Nililiosha kila jioni mtoni. Jumapili nililiegesha karibu kabisa na mlango wa kanisa, mpaka padri akaniomba kwa upole nisogee ili wazee wapite. Kisha nikaona bado halijatosha. Nikamtafuta fundi akanifungia spika mbili kubwa kwenye buti, amezikaza kwa boliti, zimejaza nafasi yote ya nyuma. Muziki ukipigwa, mtu wa ng'ambo ya bonde anajua nimetoka.

Na nikaweka sheria. Mama mkwe alikuwa na desturi ya kututumia kapu la usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa vizuri kwa mkono wake. Nikamwambia mke wangu kwamba usipa usiingie kwenye gari langu, harufu itang'ang'ania siti za ngozi. Kapu likawa linakuja kwa basi, mke wangu analipokea barabarani, anapanda nalo kilima kichwani, na gari limeegeshwa uani. Hakulalamika. Ila mambo hayo husafiri, na nilikuja kujua baadaye kwamba yalifika mpaka Lituhi.

Kifuku cha mwaka ule, majira yetu ya mvua, kilikuwa kikali. Asubuhi moja ikaja habari kwamba mama mkwe ameteleza kwenye mawe ya ufukweni akiwa na kapu kichwani, amevunjika mguu karibu na nyonga. Zahanati ya kule wamemfunga kwa vijiti mguu wote, wanasema apelekwe haraka hospitali huku juu.

Nitakwambia kitu kibaya. Moyo wangu ulishtuka, ndiyo, lakini nyuma ya mshtuko kulikuwa na kafuraha. Nilifikiri, leo Lituhi wataliona gari. Nikavaa shati jeupe. Njia nzima mke wangu alikuwa anasali rozari, na mimi nilikuwa nakwepa matope yasirukie milango. Tulipoanza kuona nyumba za Lituhi na ziwa nyuma yake, nikawasha muziki. Mke wangu akanyoosha mkono akauzima, hakuniangalia.

Watu walikuwa wamejaa uani. Kaka yake mama mkwe, mzee Stefano, ndiye aliyekuwa anasimamia mambo. Tulimwita mjomba. Alikuwa mzee mfupi, asiyepandisha sauti. Wakamtoa mama nje akiwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekishika pembeni, yeye amejifunika kitenge mpaka usoni kwa sababu mimi nilikuwepo. Nilisimama kando ya gari nimefungua mlango, nimejikunjua kama mhudumu wa hoteli.

Wakafika, wakasimama. Mjomba akaangalia ndani. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vijiti, haukunjiki, na siti ya nyuma haikutosha urefu wa mtu aliyenyooka. Wakapima huku, wakapima kule. Siti ya mbele wakailaza, ikagoma nusu njia. Ikaonekana kwamba ili mama aingie, mguu wake lazima upite katikati ya siti mbili za mbele, na unyayo wake ukae hapa, mwanangu, hapa kwenye kiwiko changu cha kubadilishia gia. Safari nzima ya milimani mguu wa mama mkwe kwenye mkono wa mkwe wake, mbele ya kijiji chote kilichosimama kushuhudia.

Mama alisikia wanavyoshauriana. Akasema ndani ya kitenge, kwa sauti ya mtu mwenye maumivu, "Gauda, mwanangu, waambie waniache. Siwezi kumwekea mkwe wangu mguu. Halafu nanuka samaki, nitaharibu gari la watu."

Mke wangu akaniangalia. Mara moja tu, kisha akainama kumfunika mama yake vizuri.

Mjomba Stefano akaniuliza, "Baba, nyuma hakufunguki?"

Ningesema hakufunguki. Lakini tayari alikuwa ameshika kitasa cha buti. Akafungua. Zile spika zikamkodolea macho, nyeusi, kubwa, zimekazwa kwa boliti. Mzee alizitazama kwa utulivu kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akarudishia buti taratibu, bila kulibamiza, akasema kwa sauti ambayo niliisikia mimi na wachache waliokuwa karibu, "Kwa hiyo muziki umepata nafasi, mama yako amekosa."

Hakunitukana. Angenitukana ningekasirika, na hasira ingenisitiri kidogo. Alisema hivyo akaondoka kwenda kumtafuta dereva wa lori.

Na hapa usinionee huruma haraka, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kujirekebisha. Ningeweza kusema, leteni spana tuzing'oe hizi. Pale ufukweni watu wana injini za boti, spana hazikosekani. Wazo lilinijia, nakuapia, likanifika mpaka mdomoni. Nikazionea huruma spika. Nikajiambia lori liko tayari kuondoka, tutachelewesha mgonjwa. Nikajisingizia haraka.

Lori lilikuwa la wafanyabiashara waliokuwa wanapeleka usipa Songea. Walimpangia mama nafasi katikati ya magunia, wakatandika mkeka na magodoro mawili, wakamfunika turubai kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mke wangu akapanda akakaa kichwani pake. Nikamwambia, "Wewe si uje huku mbele, umelowa." Akanijibu, "Nitakaa na mama." Mjomba naye akapanda lorini. Nikafunga milango yangu minne, nikawasha gari, nikafuata.

Gari lilikwenda vizuri, mwanangu. Hilo ndilo lililoniua. Halikukwama wala halikuchemsha, vifuta mvua vilifanya kazi, siti zilikuwa kavu na zinanukia. Mbele yangu kila lori lilipoingia shimoni niliona turubai linaruka, na nilijua chini yake nani ameruka. Ningelipita lori ningeonekana namkimbia mgonjwa. Nikibaki nyuma, kila kijiji tunachopita watu wanaona lori lenye mgonjwa mvuani na gari la maana linalofuata tupu. Nilipandisha vioo vile vyeusi mpaka juu ili wasinione uso.

Kwenye mlima mmoja lori likateleza likaziba njia. Vijana wa pale wakashuka na majembe, na mimi nikashuka nikasukuma nao, shati langu jeupe likapata lilichostahili. Kijana mmoja akaniuliza huku anafuta tope usoni, "Mzee, hilo gari tupu la nani, mbona wasimhamishie mgonjwa?"

Nikasema, "Sijui."

Nimesomewa habari za Petro tangu utotoni, kila Ijumaa Kuu nimesimama kanisani nikamshangaa, na mimi nikasema sijui. Hakuna jogoo aliyewika. Ila turubai lilikuwa hatua chache kutoka pale niliposimama, na mke wangu alikuwa chini yake. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu mama yake aliuliza kitu kwa sauti ndogo, naye akamjibu, "Hapana, mama, hakuna neno."

Tulifika hospitali jioni. Mganga alisema mfupa umesogea sana njiani. Wakafanya walichoweza. Uliunga, lakini uliunga vibaya, mguu mmoja ukawa mfupi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililopotea halikuwa langu. Mama mkwe hakurudi tena ufukweni kuanika usipa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa furaha yake. Pale ndipo alipocheka na wenzake, pale ndipo alipojipatia cha kununua sabuni bila kumwomba mtu. Baada ya hapo alikaa mlangoni akiwasikiliza wengine wanavyocheka huko chini.

Akiwa bado wodini, mke wangu alirudi nyumbani kuchukua nguo. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama ana ujumbe wako." Nikajiandaa kupokea nilichostahili. Akasema, "Anakuomba umsamehe. Anasema amekuaibisha mbele ya watu wa Lituhi kwa kukataa gari lako."

Mwanangu, sijawahi kupigwa namna ile.

Nilitoka hapo nikaenda kwa miguu mpaka nikapata usafiri wa kunifikisha hospitali. Wodi ya wanawake sikuingia, nisingeweza. Nilisimama nje chini ya dirisha lake, nikakohoa. Nikasikia kitenge kinavutwa, anajifunika. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba, baba." Nikasema, "Mama, wa kuomba msamaha ni mimi." Kisha akasema, "Gari lako ni zuri, baba. Sote tuliliona." Alisema kwa moyo mweupe, bila kejeli hata chembe, ili nisione haya. Nikalia pale ukutani, mtu mzima, wauguzi wanapita.

Msimu uliofuata niliuza gari jeupe kwa hasara, nikanunua kuukuu lenye mabenchi na mlango wa nyuma. Nikaliteremsha mpaka Lituhi, nikalifungua nyuma, nikasogea mbali ili mama aweze kulitazama. Alitoka na fimbo yake, akapapasa benchi, akamwambia mke wangu, "Ni refu. Mtu angeweza kulala." Akarudi ndani. Hakuwa tena mtu wa safari. Hakupanda hata siku moja mpaka Mungu alipomwita.

Basi sikia, Fridolini. Sikukatazi kitu kizuri. Kahawa ni yako na jasho ni lako. Lakini kabla hujampa mtu hela, mkalishe Imelda, umuulize anamfikiria nani anaposema safu tatu. Usimuulize kama hakimu. Muulize, kisha unyamaze wewe, mpaka amalize. Mwanamke anapochagua gari mara nyingi anakuwa na mtu moyoni ambaye bado hajaugua. Halafu wachukue wazee wa pande zote mbili, wako na wa kwao, waende wajaribu kupanda. Yule anayepanda kwa shida kuliko wote, huyo ndiye mwenye gari. Likimfaa yeye, litawafaa wote, na wewe utakuwa dereva wake, na hiyo ni heshima tosha kwa mwanamume. Na kama umeshakosea, kosa liko mbele yako na watu wanakuangalia, omba spana. Omba spana hapo hapo, mwanangu. Aibu ya kufungua boliti mbele ya watu inaisha siku hiyo hiyo. Hii yangu inazeeka pamoja nami.

Mungu akujalie barabara iliyo kavu na breki zinazoshika. Akupe mke asiyechoka kukwambia, na masikio ya kumsikia angali anasema. Wakwe zako wasiogope kukutumia habari wakiumwa, na siku utakapokwenda kuwachukua, uwe na pa kuwalaza. Nenda, mwanangu. Msalimie Imelda, mwambie baba mkubwa amesema yuko upande wake.